Kompyuta Nzito ya Mashaka

Jumatatu moja saa nne asubuhi, Mashaka alimwona mama mmoja akitoka mikono mitupu kwenye duka la ng'ambo ya barabara, binti kamfuata nyuma kanuna. Mama alisema maneno matano tu, lakini yalimfanya Mashaka aweke kikombe cha chai chini.

"Nyepesi hivi, itakuwa ya uongo."

Alhamdulillahi! Kuna wanaoomba mvua, kuna wanaoomba watoto. Mashaka alikuwa akiomba mtu wa kutamka maneno hayo, na sasa kaletewa mpaka mlangoni.

Tumjue kwanza. Mashaka ni mtoto wa Tabora, mwaka wa tatu huu yuko Bariadi, na duka lake lina kibao kilichoandikwa MASHAKA KOMPYUTA: NUNUA BILA MASHAKA. Kompyuta alijifunzia kwenye simu. Watu alijifunzia stendi, na huko ndiko alikofaulu. Aligundua mapema kwamba watu wa Simiyu hununua kwa mkono kwanza, macho baadaye. Jembe hupimwa mkononi, kuku hupimwa mkononi, pamba ndiyo usiseme. Sasa hizi kompyuta mpakato za siku hizi, nyembamba kama daftari, mtu akiinyanyua anahisi kaibiwa kabla hata hajalipa.

Basi Mashaka akatafuta dawa. Alinunua Mwanza kompyuta kuukuu zilizotupwa maofisini, akazivisha ngozi nyeusi ya plastiki, akazifungua tumbo, na kila penye nafasi akagandisha kwa gundi vile vichuma vidogo vya kubalansia tairi. Zikawa nzito, zikatia heshima. Akazipa jina: kompyuta za kuagiza. Ya kweli alikuwa nayo moja tu, yenye nguvu kama punda wa kukodi, imevishwa ngozi ileile. Hiyo ilikaa kabatini kwa maonyesho, na haikuuzwa hata kwa dawa.

Na wiki ile shida yake ilikuwa ng'ombe. Jumapili alikuwa anamwoa Muzdalifa, binti wa Mzee Imrani mwenye bucha. Mashaka alimpenda Muzdalifa kweli, tusimsingizie. Ndicho kitu pekee ambacho hakuwa amekivisha ngozi. Lakini Mzee Imrani alikuwa ameshasikia habari za ulimi wake, akatoa sharti moja mbele ya wazee: dume la karamu, kilo mia tatu, kwa mizani ya mnadani wala si kwa mdomo. Likikosekana, harusi hakuna, na wapo watu wa Lamadi wanaosubiri zamu.

"Mwangaluka, mayu!" Mashaka akapaza sauti. Kisukuma chake kilikuwa salamu na asante tu.

"Mwangaluka, baba," mama akajibu, akasimama.

"Karibuni kivulini. Nimewaona mnatoka pale. Siwalaumu wale, wanauza walicholetewa. Ila mama yangu mzazi nisingemruhusu anunue."

Mama aliitwa Nyanjige, wa Shishiyu. Binti ni Violeth.

"Mwezi ujao naanza chuo," Violeth akasema, "nasomea uchoraji wa majengo. Wametaka kompyuta yenye RAM kumi na sita. Chini ya hapo ile programu ya kuchorea haifunguki, na usipochora hupati alama."

"Ukinunua ya kiwandani umepoteza mwaka, mdogo wangu!" Mashaka akavuta kiti. "Mayu, nikwambie siri ya viwanda? Siku hizi kiwandani wahasibu ni wengi kuliko mafundi. Mhasibu anauliza, hili tundu la nini? Toa. Chuma cha nini? Weka plastiki. Betri mbona kubwa? Kata. Zamani RAM ulikuwa unachomoa unaongeza, leo wameigandisha kwenye bodi, ukitaka zaidi ununue kompyuta nyingine. Halafu wakishapunguza kila kitu wanaiita nyembamba, wanakuongezea bei kwa sababu ya urembo!"

Na hapa lazima tuseme haki: yote hayo yalikuwa kweli. Ndiyo balaa ya Mashaka. Angekuwa mwongo wa moja kwa moja, mji ungemmaliza mwezi wa kwanza.

"Ya kuagiza," akaendelea, akishusha sauti kama anasoma dua, "inaundwa kwa mahitaji yako. Wewe ni mchoraji, inaundwa ya mchoraji. Cherehani dhidi ya mtumba, mayu. Hebu shika."

Akampa ya kiwandani, mbovu aliyoiweka kwa kulinganishia, mkono wa kushoto na ya kuagiza mkono wa kulia. Mama Nyanjige akafumba macho. Mkono wa kulia ukashuka, ukapanda, ukashuka tena.

"Nzito," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Nzito haswa."

Mashaka akakimbilia ile ya maonyesho, akaitoa kabatini, akaiweka mezani, akachomeka umeme. Violeth akafungua mchoro wa nyumba ya ghorofa, akauzungusha huku na huku, haukukwama hata mara moja. Binti akacheka peke yake kwa furaha.

"Ya kwako itakuwa pacha wake," Mashaka akamwambia. "Naiunda siku tatu. Na tusizungumze hela, mayu, hela ina maneno mengi. Nasikia Shishiyu kuna ng'ombe."

"Lipo dume moja."

"Kilo ngapi?"

"Wewe unataka kilo ngapi?"

"Mia tatu."

"Zitafika," mama akasema.

Mtu mwingine angejiuliza kilo za ng'ombe zinafikaje. Mashaka alikuwa anauona mkono wa Muzdalifa wenye hina, hakujiuliza kitu.

"Na wewe mayu, shughuli yako nini?" akauliza kwa adabu, wakiagana.

"Nimestaafu. Nilikuwa kwenye pamba."

Mkulima, Mashaka akajiambia, na moyo wake ukatulia kabisa.

Alhamisi dume likaja. Lo, dume! Jeusi, nundu imesimama, tumbo limejaa mpaka linang'aa. Mama Nyanjige aliingia dukani, akakaa, akajifuta jasho kwa kanga. Violeth akabaki mlangoni ameshika kamba.

"Mzigo huu hapa," Mashaka akasema, akauweka mkoba juu ya meza kwa mikono miwili. "Ila msiiwashe leo. Ikiwa mpya lazima ilale kwenye chaji saa nane kwanza, la sivyo betri inakufa."

"Tumeelewa, baba. Na wewe kapime mali yako. Mimi miguu haitaki, nitakungoja hapa na mwanangu."

"Basi naomba uniangalizie duka, mayu. Mtu akija mwambie narudi."

Wazee walisema mjini shule. Hawakusema lolote juu ya mwalimu anayemwachia mwanafunzi mtihani na majibu yake, akaenda kupima ng'ombe. Mizani ya mnadani ilisoma mia tatu na nne, Mashaka akaomba karatasi yenye muhuri, akaikunja akaiweka mfuko wa moyoni. Aliporudi aliwakuta mama na binti wametulia, mkoba mapajani, ile ya maonyesho imefunikwa mezani ilipokuwa. Akawasindikiza mpaka kwenye bajaji.

"Wabeja, mayu!"

"Wabeja, ng'wana wane," akajibu, kama anamwita mwanawe. "Mungu akulipe."

Jioni dume likafungwa uani kwa Mzee Imrani. Mzee akaisoma karatasi mara mbili, akamwita Mashaka mwanangu kwa mara ya kwanza, na Muzdalifa akachungulia dirishani akatabasamu. Mashaka alirudi kwake anapiga mluzi.

Ijumaa asubuhi dume likakojoa. Si kitu cha ajabu, ng'ombe hukojoa. Lakini hili lilikojoa kwa saa, kwa zamu, kwa mpangilio. Mashemeji waliokuja kutandika mikeka wakahamisha mikeka. Likapumzika, likakojoa tena, na kila likimaliza tumbo linalegea na mbavu zinajitokeza moja moja kusalimia wageni. Mzee Imrani alikaa kwenye kibaraza chake akitazama. Jumamosi alfajiri akalipeleka mnadani mwenyewe.

"Mia mbili na hamsini na tisa," akamwambia Mashaka, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomwogopesha zaidi. "Limelishwa chumvi, likaachiwa kisima. Miaka thelathini nanunua ng'ombe, mwanangu. Sikuuza nyama ya maji, sitaoza binti kwa maji. Una mpaka Magharibi."

Mashaka akatoka mbio. Akaamua kumtoa kafara kipenzi chake: ile ya maonyesho atamuuzia afisa mmoja wa halmashauri aliyeitamani siku nyingi, apate dume jingine. Akaikamata kwa vidole viwili kama alivyozoea. Haikunyanyuka. Akaikamata kwa mkono mzima, ndani yake kitu kikacheza: ng'oli, ng'oli. Akaigeuza, na kichuma kimoja cha kubalansia tairi kikadondoka mezani.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Kisha akapiga simu.

"Baba, habari ya huko?" mama Nyanjige akapokea. "Violeth anachora, anakusalimu. Kompyuta nzuri, haina neno."

"Mama, umenipiga!"

"Nimekupiga na nini?"

"Dume limejaa chumvi na maji!"

"Hilo dume la kuagiza, ng'wana wane. Uliagiza mia tatu, tukakuundia mia tatu. La kawaida lilikuwa mia mbili na sitini."

"Na kompyuta yangu?"

"Mimi nimekuwa karani wa mizani ya pamba miaka ishirini na miwili. Nimetoa mawe kwenye pamba, nimetoa mchanga, siku moja nimetoa jembe zima. Kitu kilichoongezewa uzito mkono wangu unakijua. Ile ya mezani uliichukua kabatini kwa vidole viwili, ya kwetu ukaileta kwa mikono miwili, halafu unaniambia mapacha." Akakohoa kidogo. "Kama unaona umeonewa nenda polisi. Kawaambie wafungue hiyo iliyobaki waone."

Mashaka akakata simu. Polisi! Hata hasira ilimshinda, akacheka kicheko kibaya cha mtu aliyeingizwa mjini akiwa mwenyeji.

Magharibi akafika kwa Mzee Imrani na uongo wa aina tatu, akachagua ulio mzuri zaidi, akafungua mdomo, akamwona Muzdalifa amesimama nyuma ya baba yake na macho mekundu. Akasema ukweli wote. Mzee alisikiliza, na aliposikia habari ya jembe ndani ya pamba akacheka mpaka akashika ukuta.

"Harusi tunaisogeza," akasema mwishowe. "Dume ni lako, na kilo zilizopungua ni zako. Utalichunga mwenyewe, kwa miguu yako, mpaka lifike mia tatu za nyama. Kila Jumamosi nalipima."

Mjini walimwona, na viatu vyake vya ngozi, akiswaga dume kwenye mabua ya mahindi nje ya mji, watoto wakimwamkia mchungaji. Wiki ya kwanza liliongeza kilo mbili. Ya pili, tatu. Muzdalifa alimpelekea uji malishoni, akamwambia anaona fahari, na Mashaka akaona kumbe inawezekana. Wiki ya tano dume likaugua kwato, mizani ikasoma mia mbili na sabini na moja, Mzee akatikisa kichwa.

Ijumaa iliyofuata Mashaka aliingia dukani kwa Bimdogo, muuza chumvi na sukari, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Nipimie chumvi ya mawe. Kilo nne."

Bimdogo akapima, akafunga, ila hakumkabidhi. Alikuwa anatazama nyuma ya Mashaka.

"Kilo nne zote za nini?" akauliza Muzdalifa.

Ulimi uliokuwa umeuza vyuma vya tairi kwa walimu, manesi na katekista mmoja ukatafuta neno kinywani, ukazunguka, ukakosa. Muzdalifa alingoja. Alingoja sana, kuliko alivyostahili mtu yule. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua ile chumvi, akamlipa Bimdogo mwenyewe.

"Hii niachie mimi, nyumbani imetuishia," akasema. "Kesho tutapika kwa wingi. Nakwenda kumwambia baba awapigie simu wale watu wa Lamadi, waje na posa yao."