Magurudumu ya Gari la Moshi la Babu

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Kitengela.
Fundi anataka maneno ya jiwe la kaburi la Babu Otiende ifikapo Ijumaa, maana Jumamosi linasafirishwa Siaya. Baba amenipa kazi hiyo mimi, Sheryl, kwa sababu insha zangu hupata alama nzuri. Mpaka sasa kuna jina na tarehe tu. Haitoshi. Babu alifanya kazi reli miaka thelathini, na katika picha amesimama mbele ya gari la moshi, mkono kiunoni. Nitaandika "Dereva", pamoja na aina ya injini. Binamu yangu Morgan anauliza dereva gani huvaa suti karibu na makaa. Wivu.

Jumanne, 13 Agosti.
Kitabu cha maktaba kinasema injini hutambuliwa kwa magurudumu. Nimeyahesabu: madogo matatu, makubwa matano, na nusu. Hakuna ya namna hiyo kitabuni. Basi ni ya nadra sana. Morgan ameuliza zulia la maua chini ya miguu ya Babu linafanya nini relini. Nimemjibu kwamba madereva walitandikiwa. Dani, yaani nyanya yangu, aliniambia nimalize kuchambua mboga za osuga.

Jumatano, 14 Agosti. Kajiado.
Baba amenileta kwa Mzee Lemein, aliyetengeneza reli zamani. Niliinamisha kichwa akakigusa, kama Wamaasai wanavyosalimia watoto, kisha nikampa picha. Akasema injini haijui, ila zulia analijua. Akaingia ndani, akarudi na picha ya arusi yake. Zulia lile. Injini ile. Moshi ule. Hata nusu gurudumu. Ni pazia la mpiga picha, alisema, limechorwa, na hiyo nusu ni mkunjo. Akaniita nakerai, mtoto wake, akanipa pole: gari hilo halikuwahi kwenda popote ila kufuliwa. Baba alikohoa sana.

Ijumaa, 16 Agosti.
Jana sikuweza kumwambia Dani. Leo nimemwambia. Alikuwa akijua. Hata suti ilikuwa ya mpiga picha. Babu alifagia mabehewa, lakini aliona haya kutuma nyumbani picha ya mtu na ufagio. Dani akasema mikono ya Babu ilinuka dawa ya sakafu hata alipokuja nyumbani Krismasi, na yeye Dani hakuwahi kuionea haya. Akataka niandike kazi hiyo. Nimeandika: "Otiende. Alisafisha mabehewa miaka thelathini." Baba alisoma, akatoka nje kidogo.

Jumapili, 18 Agosti. Siaya.
Jiwe limesimama vizuri. Dani alipitisha kidole kwenye kila herufi. Kisha akafungua sanduku lake, akanipa picha nyingine niitunze. Babu, suti ileile, mbele ya ndege! Nimehesabu madirisha: saba na nusu. Ni ya nadra sana. Zulia linafanana na lile, lakini mazulia mengi hufanana. Morgan amecheka mpaka akashika ukuta. Hana subira ya utafiti. Tukirudi nitamwomba Baba anipeleke uwanja wa ndege.