Ubongo wa Breki

Asubuhi ya Alhamisi gari la Mama Theodosia lilipunguza mwendo kwenye tuta la Kasulu mjini, na taa moja tu ya breki ikawaka, ya kushoto. Waliosimama pale wote waliona taa iliyoungua. Lukmani aliona ndoo mbili za asali.

Lukmani alijiita fundi umeme wa magari. Ufundi wenyewe aliupata kwa kuwashikia wengine tochi, lakini alikuwa na sanduku la vifaa, la chuma, jekundu, lenye ghorofa tatu ndani. Hakuwa na mke wala shamba wala cheti. Alikuwa na sanduku. Akilifungua mbele ya mteja, mteja hunyamaza kwa heshima kabla hata ya kuambiwa bei. Mwezi uliopita lilimpatia mbuzi mzima kule Kitanga, kwa kubadilisha globu moja.

Alijua pia, maana Kasulu haina siri, kwamba mama huyu angepeleka asali Kibondo Jumamosi, na kwamba kwenye barabara ile askari huzitazama taa za breki kwa mapenzi makubwa. Akapanda bodaboda hadi Makere, kijijini kwa mama, sanduku mapajani.

Alimkuta uani akichuja asali. Theodosia alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mzee wa kanisa, na kijiji kizima kilikuwa tayari kuapa kwamba hajawahi kusema uongo, hata ule wa kumfariji mgonjwa. Lukmani aliwapenda sana watu wa namna hiyo.

"Shikamoo mama. Nimekufuata toka mjini, roho imekataa kunyamaza. Taa yako ya breki haiwaki."

"Marahaba mwanangu. Ego, ndiyo, nimeambiwa. Si globu tu hiyo?"

Lukmani akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Wote husema globu. Mama, ubongo wa breki umeanza kufa."

Mama akaacha kuchuja. "Ubongo wa breki," akarudia polepole, kana kwamba anajifunza jina la mkwe. "Una dawa?"

"Dawa ninayo mimi. Ndoo mbili za asali, na kabla ya saa sita gari limepona."

"Na lisipopona?"

Lukmani, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba ilikuwa globu tu, akalipiga sanduku kofi la upendo. "Taa isipowaka, hili ni lako."

"Basi tuandikishane."

Makere huuzi hata jogoo bila karatasi. Balozi wa nyumba kumi, mzee Niyibizi, akaitwa, akaja na kalamu yake na uso wake wa serikali. Akaandika: taa ikiwaka, fundi achukue ndoo mbili, isipowaka, mama achukue sanduku na vilivyomo. Lukmani akasaini kwa mbwembwe na kupigia mstari jina lake.

Sasa, kubadilisha globu ni kazi ya dakika tano. Unafungua buti, unazungusha soketi, unatoa iliyoungua, unatia nzima. Mteja akikuona hakupi hata kijiko cha asali. Ndiyo maana Lukmani alimkalisha mama kwenye usukani na kumkataza kugeuka. "Nitakaposema kanyaga, ukanyage wewe tu. Ubongo wa breki unamjua mwenye gari. Mguu mgeni ukigusa, unakufa palepale."

Balozi akaliandika na hilo.

Fundi akafanya kazi saa nzima. Aligonga bampa, akayasikiliza matairi, akanusa waya na kusema "mh". Globu mpya ilikuwa imeshaingia zamani.

"Haya mama, kanyaga."

Pedeli ikalia. Nyuma hakikuwaka kitu, hata ile ya kushoto iliyokuwa nzima asubuhi.

"Umekanyaga?"

"Nimekanyaga."

"Kanyaga sana."

"Nimekanyaga mpaka mwisho, mwanangu."

Akatia globu nyingine. Akabadilisha fyuzi. Akakwangua soketi mpaka vidole vikaloa damu. Kila mara pedeli ililia, na kila mara taa zilimtazama tu. Adhuhuri ilipofika, Lukmani alianza kuogopa kwamba ubongo wa breki upo kweli, na kwamba yeye ndiye aliyeuua.

"Nipishe nikanyage mwenyewe," akasema kwa sauti nyembamba.

Balozi akainua karatasi. "Mguu mgeni," akasoma, "unakufa palepale. Saini yako hii hapa, umeipigia na mstari."

Aliondoka Makere mikono mitupu. Iliuma, tuseme ukweli. Usiku huo alikunja shuka akaliweka mahali sanduku lilipokuwa likikaa.

Jumamosi alisimama kando ya barabara akitafuta lifti ya Kibondo, ambako watu walikuwa bado hawajamjua. Gari likampita, likapunguza mwendo, likasimama hatua chache mbele yake. Nyuma zikawaka taa mbili nyekundu, safi kabisa.

Akakimbilia dirisha la dereva. "Mama, nani ametengeneza?"

"Wewe," alisema Mama Theodosia. "Una mkono mzuri, ila maneno mengi."

"Lakini ulisema umekanyaga. Wewe, mzee wa kanisa."

"Nilikanyaga. Gari langu lina pedeli tatu, mwanangu, na wewe hukutaja ipi. Nikakanyaga klachi."

Lukmani akashika mlango. "Kumbe iliwaka. Basi karatasi inasema ndoo mbili ni zangu."

"Mpelekee balozi, ataisoma. Anayo na karatasi ya malalamiko ya yule mbuzi wa Kitanga."

Ndipo alipotazama kiti cha nyuma. Katikati ya ndoo za asali aliketi mwanamume mwenye kofia ya sufu, amelipakata sanduku jekundu. Alikuwa Nduwayezu wa Kitanga, ambaye mwezi mzima alikuwa akimsimulia kila ndugu yake, na wa kwanza dada yake, huyuhuyu Theodosia wa Makere, jinsi ubongo wa breki ulivyomla mbuzi wake.

"Fundi," alisema Nduwayezu kwa upole, akisogea. "Panda, nafasi ipo."

Lukmani akasema asante, atatembea.