Spika Chini ya Kiti

Jumatatu, 7 Julai
Fedheha! Mjomba Wilbert alinisimamisha mbele ya gari, watalii wamejaa kwenye mabenchi, akaniambia nijitambulishe. Kazi ndogo tu: jina, ukoo wa mama, ukoo wa baba, kisha twende zetu korongoni. Nikafungua mdomo. Ikatoka kwikwi. Watalii wakapiga makofi. Walidhani ndiyo lugha yetu.

Leseni ninayo. Kwenye mchanga namshinda Tarvin, mtoto wa mama mdogo, ambaye huendesha gari kwa mdomo. Lakini Mjomba amekata shauri: atakayejitambulisha vizuri kwa wageni Jumamosi, bila kuongea na viatu vyake, ndiye atakayeshika usukani msimu wote. Mwingine atachunga kondoo wa Bibi. Tarvin akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama kondoo wanapenda kwikwi.

Jumanne, 8 Julai
Wazo! Nimejirekodi kwa simu, zizini, mahali pekee ambapo sioni haya. Lo, sauti gani! Nzito, tulivu, kama ya mwenyekiti. Koo zangu zimo, yule dubu wa ukutani, mwamba wa korongo wenye umbo la dubu, yumo, hata mzaha mmoja umo. Spika nitaificha chini ya kiti. Mimi nitajifunga kitambaa cha vumbi usoni na kuchezesha taya. Shuleni nimesomeshwa kwa lugha mbili, na ninanyamaza katika zote mbili. Kuanzia sasa si kitu.

Alhamisi, 10 Julai
Jaribio. Mjomba na Tarvin walikaa nyuma na wageni. Mwanzo mtamu! Mama mmoja alisema nina sauti ya kubembeleza watoto. Kisha magurudumu yakazama mchangani, maana nilikuwa nachezesha taya badala ya kutazama njia. Rekodi haikutusubiri. Tumekwama kando ya choo cha watalii, na sauti yangu inawaambia watazame ajabu hii, iliyochongwa na maji kwa maelfu ya miaka. Wakatazama. Mmoja akapiga picha.

Korongoni nikajaribu kurekebisha mambo. Nikawaonyesha dubu kwa midomo, kama watu wenye adabu, si kwa kidole. Chini ya kitambaa! Hakuna aliyemwona dubu. Tarvin akaja kuniuliza nilikuwa nambusu nani.

Wakati wa kurudi spika ikatoa kitu ambacho sikumbuki kukirekodi: Bibi, akifoka kwa lugha yetu, ni mpumbavu gani kaacha lango la zizi wazi! Na kondoo wakimuunga mkono. Wageni wakauliza maana yake. Mjomba akawatafsiria kwamba ni baraka ya wasafiri. Hakunigombeza. Alicheka mpaka akakaa chini. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 12 Julai
Spika haipo! Tarvin anapiga mluzi. Mwizi. Yeye keshajitambulisha kwa wageni wa asubuhi, kwa madaha, kama mgombea ubunge.

Wageni wangu mimi: Bi Ilene kutoka mji wa Chinle na mabinti zake wawili, akina mama wazima. Watu wa kwetu! Hawa huwapi kwikwi. Hata sijakaa, Bi Ilene akaniuliza kwa lugha yetu mimi ni wa nani. Mtu mzima akikuuliza hivyo, humjibu kwa taya. Nikavua kitambaa. Nikasema mimi ni wa ukoo wa Ukingo wa Maji, nimezaliwa kwa Mbuzi Wengi, ukoo wa baba. Nikainua macho nione kama amesikia.

Akapiga ukelele. Baba yake alikuwa wa Ukingo wa Maji! Basi kwa ukoo mimi ni ndugu wa baba yake, yaani baba yake mdogo. Yeye ana mvi kichwa kizima, mimi nina ndevu za kuhesabika. Haya, Baba mdogo, akasema, mwanao ana kiu, soda iko wapi? Na mbona baba zangu wengine walikuwa warefu? Mabinti nao wakadakia: Babu, twende! Babu, usitumwage! Utani haujibiwi kwa kunyamaza. Nikamwambia mwanangu akae vizuri, asije akaanguka na meno yake ya kununua. Akacheka hadi machozi. Nikajibu njia nzima, na mchanga nikaupita kama kisu kwenye siagi. Dubu walimwona wote.

Mjomba, aliyesikia yote kutoka benchi la nyuma, akanitupia funguo papo hapo tuliporudi. Usukani ni wangu! Tarvin, kondoo hao!

Jumapili, 13 Julai
Kila mtu ananiambia, Delwin, hatimaye umepata sauti. Kweli kabisa. Ndiyo maana leo, spika imesharudishwa, nimekimbilia zizini kuirekodi kabla haijapotea. Safari hii ni nzuri zaidi: utani wote umo, “ndiyo, wanangu” imo, na nimeacha nafasi wageni wacheke. Kesho naanza.

Tena nimejihadhari. Nilisubiri mpaka Bibi akaenda kanisani. Na lango la zizi nililiacha wazi, nimsikie akirudi.