Mawe Yaliyoongezeka Uzito

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefika misheni. Nimekuja kujitolea kwa ajili ya Bwana. Na kwa ajili ya binti wa katekista, lakini Bwana anaelewa. Baba yake amesema hapokei posa ya kijana ambaye hajamwona akitoka jasho. Basi wiki hii tunapandisha mawe ya msingi wa zahanati, na msimamizi ni yeye. Lori haliwezi kupanda kilima. Tumepanga mstari toka barabarani hadi juu. Kiongozi anaimba ubeti, sisi tunaitikia, na tukiitikia ndipo kila mtu anampa mwenzake jiwe. Utaratibu wa ajabu! Nimeuliza nani aliubuni. Hakuna anayejua. Anayenipa mawe ni Kinyozi, ambaye naye anamtolea macho binti yuleyule. Ninayempa ni Sista, mtu mzima, wala hahemi. Mimi mgongo sina tena.

Jumanne, 5 Agosti
Nimegundua! Mchawi ni wimbo. Umechangamka mno, kwa hiyo mawe yanakuja mfululizo. Dawa yake ni wimbo wa polepole. Nikamwendea katekista kwa unyenyekevu, nikamwambia nyimbo hizi za mbio hazina uchaji, na kwamba mimi nimeimba kwaya tangu utotoni. Akakubali. Kesho kiongozi ni mimi! Kinyozi kanuna, hata chai hakumaliza. Nimeimaliza mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Nilichagua wimbo wa majuto, wenye beti ndefu. Nikauvuta kwelikweli. Sasa hapa kuna jambo sielewi. Mawe ya leo ni mazito kuliko ya jana! Lori lilelile, machimbo yaleyale. Kufika ubeti wa pili mikono inatetemeka. Wa tatu, na sauti ikatetemeka. Mama mmoja akadhani nimeguswa na Roho, akalia. Sauti fulani kutoka chini ikauliza kama ubeti huu una mwisho. Namshuku Kinyozi, ananichagulia makubwa. Ila na yeye alikuwa anaugulia. Ajabu.

Alhamisi, 7 Agosti
Sikuweza kutulia. Nikaazima mizani jikoni, nikapima mawe ya Jumanne, nikapima na ya jana. Uzito uleule! Nikamuuliza Sista kama mawe hunywa umande. Akasema, mwanangu, mawe ni yaleyale, ila siku hizi tunayapakata kama watoto wachanga. Watawa bwana, kwa mafumbo! Nikaona labda wimbo bado una haraka. Mchana nikaupunguza mwendo zaidi. Katikati ya ubeti jiwe likaniponyoka, likatua kwenye kidole cha mguu cha Kinyozi. Sikukusudia, haki ya Mungu. Sasa yeye amekaa kivulini, mguu juu ya stuli, na binti wa katekista ndiye anayemfunga bendeji! Anamchekea! Roho imeniuma kuliko mgongo. Kama posa imekwenda na maji, nimeisukuma mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti
Msingi umejaa. Katekista aliniita mbele ya watu wote. Nikajua ndiyo basi, nafukuzwa. Kumbe! Akasema tangu azaliwe hajaona kijana anayechagua mwenyewe njia ngumu, akakaa na jiwe mikononi ubeti mzima huku anamsifu Mungu. Mstari mzima ukaguna. Akasema nilete wazee wangu. Nililia, sifichi. Binti akanivuta pembeni, akaniambia yeye anajua fika nilikuwa natafuta wepesi, na hajawahi kuona mtu akiutafuta kwa tabu namna ile. Akacheka. Kisha akasema wazee wasichelewe.

Sijui alimaanisha nini na hiyo tabu. Nitamuuliza tukishaoana.

Jambo moja tu. Baba mkwe naye anajenga, kilimani hukohuko, na mawe yake ni kazi ya siku nyingi. Anataka kiongozi wa nyimbo niwe mimi. Sina wasiwasi. Nimepekua kitabu cha nyimbo chote, nimepata mmoja mrefu sana ambao hauna kiitikio kabisa. Watu wasipoitikia, jiwe halisogei. Tutapumzika kutwa nzima!