Ombi la Kutambuliwa Rasmi Kwamba Tumelowa

Nyamianda, Uvira
Mwezi wa sita, 1964

Kwa Bwana Octave,
Direkta wa Ofisi ya Mifereji na Kipimo cha Ziwa

Kwako Bwana Direkta, unayeulinda mji huu usilowe,

Naandika barua hii nikiwa mzima wa afya kuanzia magoti kwenda juu. Kuanzia magoti kwenda chini sina habari za hakika, kwa maana sijaiona miguu yangu vizuri tangu Pasaka.

Mimi ni Cyprien, fundi cherehani, ninayekaa njia ya chini kabisa ya Nyamianda, ile iliyokuwa na migomba upande mmoja na ziwa mbali upande wa pili. Huenda unanikumbuka. Ndimi niliyekushonea suti ya sherehe ya uhuru, na mwezi uliopita, vijana wa mapinduzi walipouchukua mji, ndimi niliyeikata kola suti hiyohiyo ili ifanane na serikali mpya. Nakupongeza kwa kubaki kazini. Wakubwa wengi wamekuja na kuondoka tangu Wabeleji waende zao, lakini mtu wa kupima maji anahitajiwa na kila serikali, na wewe umezipimia zote.

Silalamiki juu ya maji. Yamekuwa yakipanda tangu ule mwaka wa mvua nyingi baada ya uhuru, na sasa mvua imekatika lakini ziwa halijaambiwa. Najua hakuna direkta aliyeliita. Nalalamika juu ya nguzo.

Kwa kuwa barua hii inaweza kuangukia mikononi mwa wakubwa wapya wasiojua mambo ya hapa, naomba nieleze. Wabeleji waliacha ufukweni nguzo ya mti mgumu yenye alama za kupimia, na karibu na kichwa chake mstari mwekundu. Sheria yake ilikuwa fupi. Maji yakipita mstari, ofisi itatangaza kwamba wote wanaokaa chini ya nguzo wamefurikiwa, na kila nyumba itapewa kiwanja kikavu huko mlimani, juu ya barabara kubwa. Viwanja vilishapimwa na mawe ya mipaka yapo mpaka leo, mbuzi wanajikunia.

Basi maji yalipokaribia mstari mara ya kwanza, karani wako Bwana Kizito alikuja na vibarua, wakaing'oa nguzo na kuipanda juu zaidi, ili isiharibiwe na maji. Maji yakaifuata. Ikahamishwa tena. Kila serikali imeihamisha zamu yake, na hii ya sasa imeipanda nyuma ya nyumba yangu, kwenye mteremko. Kwa hiyo leo ziwa limo ndani ya nyumba, nguzo iko nje pakavu, na taarifa ya ofisi inasema kwamba maji hayajawahi kupita mstari mwekundu. Ni kweli tupu, na ndiyo maana inanikosesha usingizi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nguzo yako ndiyo mkaaji mkavu kuliko wote wa njia yetu. Wake zetu wanaanika nepi juu yake. Mzee Semana, anayeteremka kutoka Mulenge na maziwa ya ng'ombe wake, hafiki tena mlangoni. Anasimama kwenye nguzo na kutuita, na juzi aliniuliza kwa adabu zote kama serikali inatulipa kwa kukaa ndani ya ziwa. Nilitaka kumweleza kwamba kwa mujibu wa ofisi yeye na mimi tumesimama pakavu sawasawa, lakini mzee wa watu ametoka mbali, nikamwacha.

2. Bwana Kizito akija kupima huwa amevaa viatu, na viatu vya karani ni mali ya taifa. Kwa hiyo anabebwa mgongoni na jirani yangu Onesphore, mvuvi, mtu mrefu mwenye maneno machache. Wanazunguka njia yote, kisha Bwana Kizito anaitazama nguzo kwa mbali kutoka mgongoni na kuandika: chini ya mstari. Wiki iliyopita Onesphore alichoka akamwambia, "Bwana Karani, maji iko mu magoti yangu, na weye unaandika nini?" Bwana Kizito akamjibu, naye bado amemshikilia shingo, kwamba goti la mvuvi halimo katika vyombo vya kupimia vinavyotambuliwa na ofisi. Sikatai. Naomba tu kujua Onesphore apite mlango gani ili goti lake litambuliwe, kwani ni goti imara na halijawahi kuhamishwa.

3. Mfereji mkubwa. Mwaka jana mlituita tukauchimba na kuusafisha kutoka barabarani mpaka ziwani, ili maji ya mji yapate njia ya kuteremka. Tulichimba vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Sasa ziwa liko juu kuliko mdomo wa mfereji, na linautumia mfereji wetu kuja mjini. Tulipoleta habari hiyo ofisini tulijibiwa kwamba mfereji unafanya kazi yake barabara, maana kazi ya mfereji ni kupitisha maji, na hakuna karatasi inayosema yapite kuelekea wapi. Nakubali kwamba maji yanapita. Yanapita na magugu, na samaki wadogo wa ndagala, na siku ya Jumapili yalipita na kiti cha kanisa. Nilikamata mugebuka mzuri chini ya kitanda changu, kisha wavuvi wawili wakaja kudai kwamba samaki yule alikuwa amekimbia wavu wao, na kwamba chumba changu kiko katika eneo lao la kuvulia. Tulibishana mpaka samaki akaoza.

4. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ninakanyaga chini ya maji. Mteja akitaka suruali haraka, mawimbi yanamfika jirani.

5. Hapa naomba uweke kalamu chini, Bwana Direkta, usome polepole, kwa maana hili silisemi kwa mchezo. Mke wangu Émérance ana mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na siku zake zimekaribia. Mkunga wetu, Mama Pétronille, alikuja, akasimama kizingitini na sketi ameikunja, akatazama kitanda nilichokipandisha juu ya matofali. Akasema, "Minye napokeaka batoto ba bantu, hapana ba mugebuka," akarudi zake. Émérance alilia usiku kucha. Asubuhi akaniambia, "Weye Cyprien, muntu haiko samaki. Kaombe kiwanja."

Kisha kuna jambo la kitovu. Unajua desturi yetu, nawe ni mtoto wa hapa. Kitovu cha mtoto kikianguka, baba anakizika chini ya mgomba wa nyumbani, na kuanzia siku ile mtoto ana kwao, hata akienda mbali namna gani. Mgomba wangu wa mwisho ulielea mwezi wa tatu. Nitazika wapi? Nikikitupa majini, ziwa litakichukua mpaka miji ya kusini, na mwanangu atakuwa mtu wa huko bila kujua. Naogopa, Bwana Direkta. Nimengoja mtoto huyu kwa muda mrefu, na ardhi ninayomtafutia ni ndogo tu, ya kutosha mgomba mmoja.

6. Nilipeleka ombi hilo kwa mdomo. Bwana Kizito alinisikiliza vizuri kabisa akiwa mgongoni, akajibu kwamba viwanja vya mlimani ni vya waliofurikiwa, na sisi hatujafurikiwa, kwa hiyo tukipewa viwanja itakuwa wizi wa mali ya umma. Nikamwuliza hali yetu basi inaitwaje. Akafikiri. Akasema tuko katika unyevu wa kawaida.

Sasa naleta maombi yangu. Nimeyafikiria sana, miguu ikiwa baridi na kichwa kikiwa moto, na ofisi iko huru kuchagua lolote kati yake.

La kwanza, nguzo irudishwe pale uhuru ulipoikuta, hata kwa asubuhi moja tu. Onesphore atazamia na kuishika isielee. Maji yapite mstari mbele ya mashahidi, karani aandike, sisi tupande mlimani, kisha nguzo irudi kwenye mteremko wake kupumzika. Hakuna mtu atakayeaibika, kwa kuwa nguzo yenyewe itakuwa imezama na haitaonekana.

La pili, ikiwa nguzo haiwezi kurudi nyuma kwa sababu mapinduzi hayarudi nyuma, basi sheria itazamwe upya. Wakubwa wapya wametangaza kwamba mambo yote ya Wabeleji yamefutwa. Mstari ule ulichorwa na Wabeleji. Naomba nao ufutwe, na kila raia achore wake ukutani kwake, kwa kimo chake. Wangu ningeuchora kwenye kifundo cha mguu, na ningekuwa nimefurikiwa tangu mwaka juzi.

La tatu, ikiwa hilo nalo ni gumu, njia yetu itangazwe kuwa ziwa. Hatutagomba. Lakini mkituita ziwa, basi mtupe haki za ziwa. Mkuu wa mtaa apewe kasia. Mlango wangu uandikwe bandari ndogo. Na Bwana Kizito asibebwe tena mgongoni kama mtoto, bali aje kwa mtumbwi kama afisa.

La nne, ikiwa sisi si nchi kavu, wala si ziwa, wala si watu waliofurikiwa, basi naomba ofisi iyashitaki maji. Yameingia nyumbani kwangu bila kibali, yamevuka mpaka ambao taarifa zenu zinasema hayajauvuka, na kwa hiyo yanaikanusha serikali hadharani kila siku. Mtu mwingine angefanya hivyo siku hizi, tunajua angekuwa wapi. Sielewi kwa nini maji peke yake yanaachwa yatembee.

Nafunga hapa kwa sababu mezani panaanza kulowa. Msalimie Mama nyumbani kwako, na watoto, na wafanyakazi wote wa ofisi, na vibarua walioipanda nguzo, maana waliipanda wima kabisa. Mpe Bwana Kizito salamu zangu na umwambie nina kiraka kizuri cha suruali yake ile aliyoikwaruza kwenye mkanda wa Onesphore. Émérance anakusalimu. Njia yote ya chini inakusalimu, ikiwa imesimama, kwa kuwa hakuna pa kukaa.

Ni mimi raia wako, mwenye unyevu wa kawaida,

Cyprien, fundi cherehani

Nyongeza. Naomba sehemu hii uisome peke yako, kisha uichane.

Nilikuwa nimekwisha kukunja barua hii jana mchana, vijana wa mapinduzi wakaja Nyamianda kutafuta wanaume wa kubeba masanduku ya risasi kwenda milimani. Unafahamu kwamba wamepakwa dawa ya kukinga risasi, na dawa yao ina miiko. Mmoja wa miiko hiyo ni kutokanyaga maji ambayo wanawake wanafulia, kwa maana yanaiosha nguvu yote. Walifika mpaka kwenye nguzo yako wakasimama. Mkubwa wao akauliza kwa sauti maji ya huku yanafika wapi. Onesphore akajibu kutoka kati ya njia, "Iko mu kifua, wakubwa," na ni kweli yalikuwa yanamfika kifuani, maana wakati ule alikuwa amepiga magoti na kuinama kwa sababu zake mwenyewe. Huenda alikuwa anasali. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, na miguu ilinitetemeka mpaka sindano ikaanza kushona peke yake. Vijana wakayatazama maji, wakazitazama nepi juu ya nguzo, wakageuka.

Walipanda mlimani. Kule kwenye ardhi kavu juu ya barabara, karibu na viwanja nilivyoviomba, walichukua kila mwanamume waliyemkuta, na Gaspard, kaka wa mke wangu, wamemchukua. Hajarudi. Hatujui wako wapi.

Jana hiyohiyo jioni Mama Pétronille alivua viatu akaingia majini mwenyewe bila kuitwa. Ameahidi kulala kwetu mpaka mtoto afike. Émérance amenishika mkono akasema, "Tubakie humu humu. Mutoto kwanza akuwe na baba."

Kwa hiyo, Bwana Direkta, yote niliyoandika hapo juu sikuyaandika. Nguzo iko mahali pake hasa, na mtu asiiguse. Mfereji usizibwe. Bwana Kizito aendelee kupima kutoka mgongoni, anapima vizuri sana. Sisi hatuhitaji kiwanja. Na ikiwa ofisi yako ina uwezo wowote juu ya ziwa hili, nakuomba kwa heshima utuongezee maji kidogo, yafike kiunoni, kwa sababu Onesphore magoti yameanza kumuuma.