Fuwele Kavu na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Ndege! Mimi! Haya, bado si mimi, lakini ni kama nimeshafunga mkanda. Profesa amesema kati yangu na Miwani, mwenzangu wa maabara, mmoja atasafiri naye kupeleka fuwele kwenye mtambo mkubwa wa eksirei ng'ambo. Mwenye fuwele bora siku ya Ijumaa ndiye anayekwenda. Sijawahi kupanda ndege maishani. Shangazi, ninayeishi kwake, nimeshamwambia anitafutie sanduku.

Tatizo ni fuwele zenyewe. Tumezikuza kwa protini ya ute wa yai, kila mtu na kisahani chake chenye kibandiko cha jina. Ya Miwani inang'aa, imenyooka kila upande, utadhani kaichonga sonara. Yangu? Punje ya mchele iliyokanyagwa. Na jamaa anapita akipiga mluzi! Alipokwenda kunawa mikono nikabandua vibandiko nikavibadilisha. Kufumba na kufumbua. Sasa ya sonara ni yangu. Sioni ubaya. Yai ni lilelile.

Jumanne, 4 Machi

Miwani kachungulia kisahani "chake", kaguna, kasema labda imevimba. Kaifunika vizuri ikae na maji yake, basi. Mtu mzima haijui fuwele yake!

Profesa katupa somo. Kumbe nusu ya fuwele ni maji. Nusu! Akaendelea kwamba maji yanayoigusa protini si kama ya kwenye ndoo, yanajipanga, yanashikana mikono, yanakwenda polepole... Hapo nilikuwa naamua kiti. Dirishani.

Ila ile nusu imeniingia. Nikiyatoa maji, inabaki protini tupu, na Miwani ataniona kwa darubini. Wakati mwingine akili yangu inanitisha mwenyewe.

Shangazi ana saluni. Nimeazima kikausha nywele chake. Kaniuliza nywele zipi, maana kichwani sina hata za kusingizia. Nikamwambia ni sayansi. Akasema nywele nazo ni protini: mteja anashinda kutwa akinyooshwa, manyunyu kidogo tu zinajikunja upya, kwa hiyo nisiyachezee maji. Nimemwomba asichanganye mambo. Saluni na maabara ni mbingu na ardhi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipuliza wenzangu walipokwenda kula. Mwanzoni raha tupu. Nikaitazama kwa hadubini: ufa. Halafu mwingine. Nyufa zikaitana ukoo mzima! Fuwele ya sonara ikawa tope la kiangazi.

Nikajituliza. Kama ukavu umeiua, mafuriko yataifufua! Nikaimiminia maji safi kabisa, yasiyo na ile chumvi tuliyoikuzia. Ikanywa. Ikanywa tena. Ikayeyuka yote. Nimebaki nakodolea macho kisahani cha maji.

Miwani akapita akauliza nani kaunguza nywele. Nimesema hata mimi nashangaa.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe mambo si mabaya! Miwani naye hana kitu, ana ile punje yangu. Kesho Profesa ataiona atacheka, atasema tuanze upya wote. Nimemwonea jamaa huruma mpaka nikampa biskuti. Mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilisema yangu imetoweka yenyewe. Profesa alikitazama kisahani, akaitazama waya ya kikausha nywele ikining'inia mkobani mwangu. Akaiweka ya Miwani kwenye eksirei yetu ndogo. Madoa yakajaa kwenye skrini, makali, safu kwa safu! Profesa akashika kiuno, akasema madoa hayo hutolewa na fuwele bora tu. Kumbe uzuri wa nje si hoja, ndani ndiko kulikojipanga, na haikusumbuliwa na mtu.

"Maji ndiyo yanayoishika," akasema. "Ukiyaondoa, protini haijui tena ikae vipi."

Punje yangu! Niliyoikuza kwa mikono yangu! Nikafungua kinywa niseme ni yangu, nikawaza nitaelezaje, nikakifunga. Imeniuma, jamani. Safari ilikuwa yangu, nami ndiye niliyempa Miwani. Nimepiga makofi kuliko wote.

Shangazi kauliza sanduku alirudishe? Nimejifanya nimelala.

Jumamosi, 8 Machi

Wameondoka. Miwani kasema ameomba dirishani.

Kaniachia fuwele yake mpya, nzuri kuliko ile ya kwanza, akaniomba jambo moja tu: nisiiguse. Nimemwahidi. Halafu Profesa, mlangoni, kaeleza kwamba ile ya safari waliigandisha ghafla, mara moja, maji yasipate nafasi ya kufanya sindano za barafu... Zaidi sikusikia, nilikuwa natazama teksi. Ila neno nimelidaka: kugandisha! Ndiyo siri yao!

Shangazi ana friji lenye kigandishi kizuri. Nimeiweka humo, chini ya kuku, igande taratibu mpaka Jumatatu, iive vizuri.

Ila kwanza nimebadilisha kibandiko.