Visu Viwili na Kinyama Kimoja Kidogo

Jumatatu, 8 Julai 2024

Winfrida amerudi. Amesema hayo Dorka, karani wa mapokezi wa hospitali ya misheni, saa tatu asubuhi. Amekuja kutoka Mwanza na Dk. Olima, bingwa wa matumbo. Wataondoka Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Ya nyuma, kwa kumbukumbu. Mei 2020 nilikuwa na ng'ombe wanane wa kumlipia mahari. Rashi ya dhahabu, yaani mbio za kukimbilia machimbo, ilikuwa imepamba moto, nusu ya Mugumu imehamia mashimoni. Niliwauza wote wanane nikanunua hisa kwenye duara, shimo la mita arobaini. Duara lilitoa maji, si dhahabu. Winfrida akaenda Mwanza kusomea uuguzi wa kamera za tumbo. Imepita miaka minne na miezi miwili. Sikuanza kuihesabu leo. Huihesabu kila Jumatatu.

Dorka anasema Mwanza wamempa mkataba wa kudumu na bado hajausaini. Nataka dakika kumi naye kabla ya Jumamosi.

Nilikwenda na kinasa sauti cha redio. Dk. Olima alieleza vizuri. Kuna vinyama huota ndani ya utumbo mpana. Vikiachwa, vingine hugeuka saratani. Kikubwa hakivutwi, huchunwa polepole kwa kisu cha umeme kinachopitishwa ndani ya mpira wa kamera. Visu ni vya aina mbili. Kimoja ncha yake iko wazi, milimita moja na nusu. Kinakwenda haraka, na ukizubaa kinatoboa. Cha pili kimevalishwa kishanga cha kauri nchani, hakichomi kinapogusa. Analinganisha viwili hivyo kwa wagonjwa kumi na wawili. Nani anapata kipi, inaamua bahasha iliyofungwa.

Niliomba kuingia chumbani. Alisema wanaingia wanaokata na anayekatwa.

Winfrida alipita na trei. Alisema, "Habari za kazi, Mseti." Hata mtendaji wa kata angesalimiwa naye hivyo hivyo.

Jumanne, 9 Julai

Nimeamua kuwa anayekatwa.

Nilimwambia Dorka natoka damu chooni. Aliuliza rangi gani. Nilisema nyekundu. Aliuliza tangu lini. Nilisema tangu Mei 2020. Aliacha kuandika, akanitazama. "Omera, ndugu yangu, hiyo si damu," alisema, lakini akaniandika. Kipimo Alhamisi. Kikionekana kinyama kikubwa, bahasha yangu itafunguliwa.

Kwenye benchi nilimkuta Joel, mnunuzi wa dhahabu. Mke wake alifariki mwaka juzi, na siku hizi anapaka mafuta ya nywele. Joel tayari ameshapimwa. Ana kinyama cha sentimita nne. Anakitangaza kama kipande alichookota shimoni. Aliniuliza, "Mwandishi, wewe una sentimita ngapi?" Nilisema sijapimwa. Wazee wawili wa Issenye walicheka mpaka mmoja akaomba maji.

Joel alitaka kulipia kisu cha bei ghali. Dk. Olima alimwambia bahasha haina duka. Halafu Joel akasema mikono ya Winfrida ni myepesi. Sikuuliza amejuaje.

Karatasi ya masharti inasema hivi: kuanzia Jumatano asubuhi usile chochote, tumia vinywaji tu. Nimeisoma mara mbili.

Jumatano, 10 Julai

Siku nzima bila kula. Nimeitumia kwa mpango wa pili: kwenda Nyanungu kwa Mama Waisiko, mama yake Winfrida. Mama akiwa upande wangu, mkataba wa Mwanza utasubiri. Bodaboda, mwendo wa saa mbili na nusu, vumbi mpaka kwenye kope.

Shikamoo. Marahaba. Nilikaa nje kwenye kigoda, uso nimeuelekeza zizini, kama anavyokaa mtu mbele ya mama anayetaka kumwita mkwe. Kililetwa kibuyu cha uji wa wimbi. Hapa hakuna mjadala. Kuukataa uji nyumbani kwa binti ni kumkataa binti. Na uji hunywewa, hautafunwi. Niko ndani ya masharti. Nilikunywa vibuyu vitatu.

Mama Waisiko aliuliza, "Wale ng'ombe wanane, walikufa au walizama?"

Nilisema waliingia kwenye duara, mama.

"Basi walizama."

Nilieleza kwamba nimetulia sasa. Nina mitamba mitatu na kazi ya redio. Alisikiliza huku akipeta wimbi. Akasema yeye hana neno, mtoto ni mtu mzima, na ana simu. "Mpigie. Kutoka kwako Mugumu hadi hapo hospitali unapita Nyanungu kufanya nini?"

Nimelipima shauri hilo njia nzima. Ni la moja kwa moja mno. Mwanamke aliyekaa mbali miaka minne hapigiwi tu simu.

Jioni nimekunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita nne. Sitaandika zaidi.

Alhamisi, 11 Julai

Nililala ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Winfrida alisimama kichwani kwangu, barakoa usoni, macho tu. Alikuwa umbali wa mita moja. Tangu aondoke sijawahi kuwa karibu hivyo. Anatumia sabuni ile ile.

Kamera iliingia kabla ya sindano ya usingizi, Dk. Olima alitaka kwanza kuona kama njia ni safi. Haikuwa safi. Kioo chote kilikuwa kahawia, na chembechembe.

Daktari aliuliza nimekula nini. Nilisema sijala, nimefuata karatasi, vinywaji tu.

Winfrida aliuliza kinywaji gani.

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wa wimbi."

"Wa nani?"

Nilisema wa mama yake.

Dk. Olima aliuliza kama kuna jambo anapaswa kujua. Winfrida alisema, "Toa kamera, daktari. Huyu arudi kesho."

Dorka ameirekebisha karatasi kwa kalamu: maji, chai ya rangi, basi. Anasema mimi ni wa tatu wiki hii, ila wale wengine walikunywa uji wa kwao.

Joel alikatwa mchana. Bahasha ilimpa kisu cha kauri. Dakika hamsini na mbili, hakuna damu ya kutisha. Kinyama kimetoka kizima, kimepelekwa kupimwa kama kina saratani. Nilimsalimia wodini. Aliniuliza kama majibu huchelewa. Nilisema sijui. Kisha akaniambia ana duara jipya upande wa Issenye na hisa moja imebaki.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepatikana na kinyama. Milimita nne.

Dk. Olima alisema hakistahili kisu, cha ncha wazi wala cha kauri. Bahasha yangu haikufunguliwa. Kilikatwa kwa kitanzi cha waya, bila umeme, kwa sekunde arobaini. Aliyekaza kitanzi ni Winfrida. Haya yote nimeambiwa na Dorka. Mimi nilikuwa nimechomwa sindano.

Dorka ameniambia na lingine, alilolisikia kupitia mlango wa chumba. Nikiwa kwenye sindano nilizungumza. Dakika sita. Nilianza na ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi zao. Nikaja kwenye mkataba wa Mwanza. Nikasema kila jioni saa moja, nikimaliza kusoma habari, huangalia mlango wa studio, maana zamani alikuwa akinisubiri pale. Nikamwomba anirudie.

Nilimuuliza Dorka, na Winfrida?

Winfrida alijibu.

Sikumbuki neno hata moja. Nakumbuka taa ya dari, kisha chai.

Nilimsihi Dorka anitajie jibu. Nilimwahidi soda, kisha kilo ya dagaa, kisha salamu za redioni mwezi mzima. Alisema jibu la mtu halitolewi na mapokezi. "Muulize mwenyewe. Yupo hapo, anaosha kamera." Alinionyesha mlango kwa kidole.

Mlango ulikuwa umbali wa hatua kumi na moja. Nilifika hatua ya tisa. Alikuwa ameinama kwenye karai, anapitisha maji kwenye mpira, anaimba kidogo. Sikutaka kumkatiza.

Jumamosi, 13 Julai

Nilikuwa getini saa kumi na moja na nusu. Gari lilikuwa linapakiwa masanduku ya mashine. Winfrida alishusha kioo. Hakuwa amekasirika. Hakutabasamu pia. Naandika kama nilivyoona.

Alisema, "Mseti, jibu langu nimeshakupa."

Hapo ndipo mtu husema: sikulisikia, rudia. Ni maneno mawili. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nilimuuliza matokeo ya visu.

Alijibu kama anavyojibiwa mwandishi. Wagonjwa kumi na wawili, sita kwa sita. Ncha wazi, wastani wa dakika arobaini na nne, wawili walitoka damu ikabidi izibwe. Kauri, dakika hamsini na moja, mmoja alitoka damu. Hakuna aliyetobolewa. Kwa idadi hiyo, huwezi kusema kipi ni bora. Wataendelea kuhesabu Mwanza.

Niliandika vyote. Nilimwuliza kama wastani umejumuisha muda wa kuosha. Alisema hapana. Akapandisha kioo.

Habari yangu ilisomwa saa saba mchana. Haikuwa na kosa.

Jumatatu, 15 Julai

Majibu ya Joel yametoka, kwa mujibu wa Dorka. Si saratani. Nilifurahi, jambo lililonishangaza. Atarudi kuangaliwa na Dk. Olima, Mwanza, baada ya miezi mitatu. Mimi natakiwa kurudi baada ya miaka saba.

Miaka saba ni mingi. Nilimuuliza Dorka kama milimita nne haziwezi kuhesabiwa upya. Alisema nimpigie Winfrida simu. Akaniandikia namba kwenye kiganja. Namba ninayo tangu 2020, haijabadilika.

Nimepata njia nzuri zaidi. Sheria ya kliniki ya Mwanza ni kwamba kila mgonjwa awe na msindikizaji wa kukaa naye chumbani mpaka sindano ianze kufanya kazi. Joel hana mtu. Nilimfuata. Alisema atanichukua, ila hisa ya duara la Issenye bado haijapata mwenyewe, na mitamba yangu mitatu inatosha kabisa. Wiki sita, alisema, nitakuwa na ng'ombe kumi. Nitamfikia Winfrida nikiwa na ng'ombe kumi.

Mitamba imeswagwa kwenda kwa Joel saa nane mchana. Duara limefika mita kumi na tano, udongo bado mkavu.

Basi la Mwanza ni Jumapili, 6 Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi. Kliniki ni Jumatatu, 7 Oktoba, saa mbili. Joel ataingia wa kwanza, mimi nyuma yake, nimeshika koti lake.